Masasi hadi Mkunazini: siku tano za kulitafuta jina la Bibi wa Mbweni

Siku ya kwanza, Alhamisi: Masasi – Kilwa Kivinje

Usiku wa kuamkia safari bibi aliniita chumbani kwake. Anakaribia miaka 90, macho yamefifia, lakini masikio na kumbukumbu viko pale pale. Akanishika mkono, akasema, "Ukifika huko Unguja, mama, kaniulizie jina lake."

Hakuhitaji kusema la nani. Nyumbani kwetu "yeye" wa namna hiyo ni mmoja tu, Bibi wa Mbweni, yaani bibi yake bibi yangu. Jina lake la ubatizo tunalo, ni la Kiingereza, alipewa na misheni. Jina alilopewa na mama yake mzazi, huko bara upande wa Ziwa Nyasa, hakuna anayelijua. Na tunayoyajua juu yake yanaishia ukingoni mwa kiganja: alikamatwa angali mtoto, akatembezwa hadi Kilwa, akapakiwa jahazini, jahazi likakamatwa na manowari ya Waingereza, akapelekwa kulelewa misheni ya Mbweni, Unguja. Huko aliolewa na mwanamume aliyekombolewa kama yeye, kisha wakaja Masasi.

Bibi alimkuta hai, akiwa kikongwe wa kuota jua. Anakumbuka jambo moja kuliko yote. Bibi wa Mbweni hakuruhusu watoto wahesabiwe. Jioni, kabla mlango haujafungwa, aliwaita jina moja moja, na asiyeitika alitafutwa mpaka aonekane. Mgeni akiuliza, "Hapa mna watoto wangapi?" yeye aliinuka akaenda zake. Watu walidhani ni mila tu ya wazee, maana wako wengi wasiopenda watoto wahesabiwe. Nilipokua nikaanza kujiuliza.

Sisi watu wa Masasi tunajua mji wetu ulianzaje, ila tunausema mwanzo huo kwa haraka, kama anayevuka barabara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, alitoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kuwarudisha kwao Nyasa. Walipofika chini ya ile milima yetu ya mawe wakaona ardhi na maji vinatosha, wakakaa. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, wakaivamia misheni, wakachukua watu mateka. Fikiria mtu aliyeuzwa, akakombolewa, akapewa shamba, akajenga, halafu asubuhi moja anafungwa kamba tena. Hilo hatulisemi hata kwa haraka.

Basi liliondoka alfajiri. Mikorosho, Ndanda, kisha Mingoyo, kisha Lindi na harufu ya bahari. Nilishuka Nangurukuru mchana na kupanda bodaboda hadi Kivinje. Dereva aliniuliza kama nimekuja kwa kazi ya serikali, maana wageni wengi huenda Masoko ili wavuke kwenda Kilwa Kisiwani kuangalia magofu ya msikiti mkuu. Kivinje hawaji sana.

Na bado Kivinje ndiyo iliyonileta. Biashara ya watu upande huu ni ya zamani kuliko mji wenyewe: mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata Kivinje ikawa ndiyo mlango wenyewe. Misafara kutoka Nyasa iliishia hapa na pembe za ndovu na sandarusi, na watu wenye makongwa shingoni, ile miti ya panda inayofungwa nyuma ya kisogo. Sehemu kubwa ya watumwa waliofikishwa Unguja walipitia hapa.

Leo kuna boma la Wajerumani lililobaki kuta ukingoni mwa maji, nyumba za mawe zilizoota miti ndani, mikoko, na ngalawa zilizolala ubavu kwa kuwa maji yamekupwa. Nilimkuta mzee mmoja akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

Nikamweleza. Hakuacha kushona. Akanionyesha kwa kidevu mahali ambapo wazee wake walisema ndipo ilipokuwa forodha. Watumwa walilipiwa ushuru kama bidhaa nyingine, alisema, kichwa kwa kichwa. "Wanapangwa, wanahesabiwa, wanapakiwa."

Nikanyamaza. Nilimwona kikongwe anainuka kitini na kuondoka kwa sababu mgeni ameuliza idadi ya watoto.

Mzee akaendelea kwa sauti ileile. "Hapa kwetu hayo hatuyasemi sana. Nusu ya mji ni wajukuu wa walionunua, nusu ni wajukuu wa walionunuliwa. Na tumeshaoana."

Nami nikamwambia lililo langu, kwamba mimi ni Myao, na kwamba machifu wetu, akina Mataka wa Mwembe, walikuwa wakiteremsha misafara hapa kuuza watu. Nimelijua hilo tangu sekondari na sijawahi kulisema mbele ya mtu mzima wa pwani. Akaitika tu, "Ndiyo." Tukakaa mpaka mbu walipotutoa.

Siku ya pili, Ijumaa: Kivinje – Dar es Salaam

Siku ya barabara, na ningeipita kwa mstari mmoja kama si jambo moja.

Juni 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini na kufunga masoko yao. Wafanyabiashara hawakuacha, walibadili njia tu. Watumwa wa Kilwa wakaanza kutembezwa kwa miguu kwa kufuata pwani kuelekea kaskazini, hadi Pangani na kwingineko, kisha wakavushwa kwa siri, wengi wao kwenda Pemba. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeng'oa mikarafuu ya Unguja ila ya Pemba kikaisaza sehemu kubwa, na karafuu zikapanda bei. Kila mwenye shamba Pemba alitaka mikono.

Mwishoni mwa 1873 makamu wa balozi wa Uingereza, Frederic Elton, alipita njia hii ya pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopitishwa. Basi letu lilikuwa na kiyoyozi na muziki wa injili. Tulipovuka Daraja la Mkapa juu ya Rufiji nilitazama upana wa yale maji na matope ya kingo zake, nikawaza waliyavukaje, wamefungwa pamoja.

Nadhani Elton alifanya vema kuhesabu. Idadi yake ilitikisa watu London, na mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku hata misafara ya nchi kavu. Lakini katika watu wote wale zaidi ya 4,000 mimi namtafuta mmoja, na hesabu hainisaidii kumpata. Huenda hata hakuwamo.

Mbagala tuliingia jioni, foleni ikatumaliza.

Siku ya tatu, Jumamosi: Dar es Salaam – Unguja

Boti ya asubuhi. Bahari ilichafuka kidogo baada ya kuiacha bandari, na wahudumu wakapita wakigawa mifuko ya kutapikia. Takriban saa mbili, ukiwa umekaa kwenye kiti laini. Nilijaribu kufikiri juu ya jahazi, nikashindwa, kisha nikaona haya kwa kujaribu.

Nimefikia kwa dada niliyesoma naye chuo, na mama yake amenipokea kama mwanawe. Mchana alinizungusha Mji Mkongwe. Shangani tukapita nyumba ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyefariki 1905. Yule mfanyabiashara wa pembe na watu alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, tunayo mpaka leo, na yanasomeka vizuri. Twajua alikolala, aliyempiga, aliyemdai. Nilisimama mbele ya mlango wake nikasikia uchungu ambao sikuutarajia. Lugha ninayoiandika hapa ilimhifadhi yeye neno kwa neno, na ya Bibi wa Mbweni yakaishia ukingoni mwa kiganja.

Usiku, baada ya kula, mama yake rafiki yangu alitoa sanduku la kanga. Nilikuwa nimemwambia kilichonileta, na nadhani alikuwa akitafuta pa kuanzia. Akaniambia bibi yake aliapa hatavaa kaniki mpaka anaingia kaburini, na hakuvaa.

"Kaniki ilikuwa nguo ya vijakazi," akasema. "Ile nyeusi, na marikani iliyochakaa. Walipopata uhuru, kitu cha kwanza walichotafuta ni kanga yenye rangi. Umevaa rangi, umefunga kichwa, nani atakujua ulikuwa wa nani?"

Tangu hapo mazungumzo yakawa ya maneno. Tulikaa barazani watu watatu tukiyachambua moja moja. *Kibarua*: zamani alikuwa mtumwa anayepelekwa kufanya kazi kwa watu akiwa na kibarua, yaani barua ndogo, kisha ujira akagawana na bwana wake. Leo tunalia tumekosa kibarua. *Mjinga*: ndivyo alivyoitwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za pwani. *Mzalia* alikuwa aliyezaliwa humu humu utumwani, naye alijiona bora kuliko mjinga. *Mshenzi* alikuwa mtu wa bara, kwa maana ya anayeweza kukamatwa. Halafu *mwungwana*, aliye huru, ambalo leo ni sifa ya tabia njema. Kwa hiyo mwalimu wangu wa darasa la tatu aliponiita mjinga mbele ya wenzangu, aliniita kwa jina ambalo Bibi wa Mbweni aliitwa siku ya kwanza aliposhuka pwani. Hakujua. Wala mimi sikujua, mpaka barazani hapa.

Siku ya nne, Jumapili: Mkunazini

Nilitaka kufika Mkunazini kwanza kama muumini kabla sijawa mgeni wa makumbusho, kwa hiyo nikaenda ibada ya asubuhi. Kanisa Kuu la Kristo limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache tu tangu soko lifungwe. Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, Steere yuleyule wa Masasi, aliyetafsiri maandiko kwa Kiswahili, na amezikwa nyuma ya madhabahu.

Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Inasemwa hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa ili mnunuzi aone nani mstahimilivu. Nilikuwa nimelisoma hilo mara nyingi. Sikuwa nimefikiria kwamba wakati wa komunyo ningetembea kulielekea, mikono nimekunja, kwaya inaimba nyuma yangu, huku mtoto wa mtu ananivuta sketi. Waliokuwa mbele yangu walikwenda bila kutazama chini, maana wao ni waumini wa hapa, wamelizoea. Mimi miguu ilikuwa mizito. Padri aliponipa mkate sikuweza kuitika "Amina" kwa sauti.

Baada ya ibada nilibaki ndani. Upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, Zambia ya leo, alipofariki Mei 1873. Mwili wake ulibebwa hadi pwani na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao, mtoto aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861. Alifariki Unguja 1882, Susi akamfuata 1891. Basi yuko Myao mmoja aliyekamatwa utotoni ambaye jina lake halikupotea, nami nikawa na wivu juu yake. Najua ni ajabu kumwonea wivu marehemu wa aina hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Karibu na mlango kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Mafundi waliziweka hivyo askofu alipokuwa safarini, na hakuna aliyezigeuza.

Nje, uani, kuna shimo la mstatili lililojengewa, na ndani yake watu watano wa mawe wamesimama, shingoni wana minyororo. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998, na minyororo yenyewe ni halisi, ya enzi zile. Picha zake nimeziona tangu nikiwa mdogo. Ambacho picha haikunionyesha ni kwamba wako chini ya usawa wa miguu yako. Unawatazama kwa kuinama, kama mnunuzi. Nilizunguka nikitafuta mahali pa kusimama ambapo sitakuwa juu yao, nikakosa. Mwishowe nikachuchumaa. Watalii wawili wakanitazama, kisha nao wakachuchumaa.

Makumbusho yenyewe, yale maonyesho ya biashara ya watumwa Afrika Mashariki yaliyofunguliwa 2016, yako katika jengo la jirani. Kabla ya kusoma chochote watu huteremshwa kwenye vyumba vya chini, vya dari fupi na matundu membamba ya hewa. Kiongozi wetu, kijana mpole, alisema humo ndimo watumwa walimosubiri mnada, wakiwa wamebanana, wengine wakafia humo. Baadhi ya wanahistoria wanalikataa hilo, wakisema jengo lile lilikuwa hospitali ya misheni na lilisimamishwa baada ya soko kufungwa. Nilimuuliza kwa adabu. Akasema naye amelisikia, ila wageni wakishuka humo ndipo wanapoelewa.

Nimelifikiria jibu lake mchana kutwa na sikubaliani nalo. Soko lilikuwepo, hilo halina mgogoro. Katika miaka ya 1860 inakadiriwa watu kati ya 15,000 na 20,000 waliletwa Unguja kila mwaka, wengine wakabaki kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakapelekwa Arabuni na Ghuba. Mateso ya aina hiyo hayahitaji kuongezewa chumba. Tukimwonyesha mgeni chumba kisicho cha kweli, siku atakayojua atatilia shaka hata vilivyo vya kweli. Mabaki yasiyobishaniwa yapo, tena karibu. Kule Mangapwani, kaskazini mwa mji, kuna vyumba vilivyochimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, ambamo watu walifichwa baada ya 1873, biashara ilipoendelea kwa siri. Ningekuwa na siku ya sita ningekwenda.

Mabango ya juu, lakini, yameandikwa kwa uangalifu. Yanaifuata safari nzima, bara, njia, pwani, soko, shamba. Nilisoma kila bango, polepole. Nilikaa zaidi kwenye sehemu ya kukomeshwa kwa utumwa, kwa kuwa nilikuwa na deni la kuelewa neno "uhuru" kwa Bibi wa Mbweni lilikuwa na maana gani.

Uhuru haukuja siku moja. Mkataba wa 1873 ulifunga soko na bahari, lakini mtu aliyekwisha nunuliwa alibaki mali ya mtu. Sheria ya kuuondolea utumwa nguvu Zanzibar ilitoka 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, na hata hiyo haikusema "nendeni." Ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba. Aliyepewa uhuru akakutwa hana makazi wala kazi aliweza kuhesabiwa mzururaji. Bwana wake alilipwa fidia kwa hasara aliyopata. Nililirudia hilo neno, hasara. Masuria, wale wanawake waliowekwa nyumbani kwa bwana na kumzalia, sheria iliwaacha nje mpaka 1909. Pwani ya Kenya ni 1907. Kwetu Tanganyika Wajerumani walitangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru, lakini utumwa wenyewe uliondolewa kisheria chini ya Waingereza, mwaka 1922. Mama yake bibi yangu alikuwa msichana mkubwa mwaka huo.

Nimesema namtafuta mtu mwenye jina. Katika kusoma kwangu juu ya mambo haya niliwahi kukutana na Swema, msichana wa Kiyao wa miaka ya 1860 ambaye simulizi yake iliandikwa na mapadre wa Kikatoliki wa Unguja. Alisafirishwa pamoja na mama yake, mama akafia njiani. Akafikishwa Kilwa, akapakiwa jahazini, na alipofika Unguja alikuwa hoi hata wakamzika akingali na pumzi. Kijana aliyekuwa akipita akasikia sauti, akamfukua. Baadaye Swema akawa mtawa. Swema aliihifadhi sauti yake kwa sababu alitokea mtu wa kukaa chini akamuuliza. Bibi wa Mbweni aliishi miongo mingi kati yetu, na inaelekea sisi wenyewe, watu wa nyumbani kwake, hatukumuuliza. Au tulimuuliza akakataa, na hilo nalo ni haki yake.

Kabla ya kutoka nilimweleza kijana kiongozi habari ya bibi yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kumbukumbu nyingi za UMCA ziko Oxford, Uingereza, ila kama huyo mama alilelewa Mbweni basi niende Mbweni, hata kama hakuna karatasi. "Nenda tu ukapaone," akasema.

Siku ya tano, Jumatatu: Mbweni

Daladala, kisha mwendo wa miguu chini ya miembe. Mbweni ya leo ni ya nyumba za kifahari na kuta ndefu, lakini kanisa la Mtakatifu Yohana lipo, dogo, la mawe, lenye utulivu wa aina yake. UMCA walilinunua shamba hili mwaka 1871, wakalifanya kijiji cha waliokombolewa, kila familia ikipewa kibanda na kipande cha ardhi. Wavulana walisomeshwa Kiungani, wasichana hapa. Kuanzia 1877 shule ya wasichana iliongozwa na Caroline Thackeray, na magofu yake yamesimama karibu na bahari: matao, kuta nene, miti inaota mahali palipokuwa sakafu.

Hapa Unguja misheni ilianza na wavulana watano tu, ambao Sultani alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864 kutoka jahazi lililokamatwa. Mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi mwaka 1879. Mwingine wa baadaye, Cecil Majaliwa, naye Myao aliyekombolewa utotoni, mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri. Tazama majina yao yalivyo nusu kwa nusu. Wanaume hawa walibakishiwa kipande cha kwao. Msichana wetu alipewa jina zima jipya, na la zamani halikuandikwa popote tunapopajua.

Niliingia kanisani, nikakaa benchi la nyuma. Mama mmoja alikuwa akifagia. Nikamwamkia, nikamweleza, naye akaacha ufagio akaja kukaa nami. Hakuwa na la kunipa, hakujifanya analo. Akaniuliza tu, "Sasa utamwambia nini bibi?"

Nilishuka magofuni. Niligusa ukuta mmoja, wa upande wa kivuli, matumbawe na chokaa, nikakadiria mtoto wa miaka kumi mkono wake ungefika wapi. Nikagusa hapo. Kisha nikaenda ufukweni na kumpigia bibi.

Alipokea binamu, akamwekea simu sikioni.

"Umefika?"

"Nimefika, bibi. Niko Mbweni kwenyewe."

"Umelipata?"

"Sikulipata, bibi."

Akanyamaza. Nilisikia kuku wa nyumbani kwetu, na mtu akitwanga.

"Alikuwa haendi Lindi," bibi akasema baadaye. "Watu wakienda kwenye harusi, yeye anabaki. Hataki kuiona bahari. Huko uliko inatisha?"

Niliitazama ili nimjibu kweli. "Leo maji yamekupwa, bibi. Pako peupe mpaka mbali. Wanawake wameinama wanaokota chaza. Wengine wamevaa kanga nyekundu, wengine za njano."

"Na watoto?"

"Wapo. Wanacheza mpira mchangani. Ni kama wanane hivi, subiri, tisa..."

"Usiwahesabu, mama," akasema bibi.